Ukuta na Msuguano: Uchambuzi wa Midomo ya Ekseli katika Fremu za Baiskeli za Milimani za Gia Moja

Baiskeli ya milimani ya gia moja, yaani ile yenye sproketi moja mbele na moja nyuma pasipo kifaa chochote cha kuhamisha cheni, huhesabiwa kuwa chombo rahisi kuliko vyote vya jamii yake, lakini urahisi huo humtwisha mbuni wa fremu kazi ambayo katika baiskeli ya gia nyingi hufanywa na springi. Katika baiskeli ya gia nyingi, mkono wa gia unaoning'inia chini ya ekseli ya nyuma huwa na vigurudumu viwili na springi inayovuta cheni muda wote, hivyo cheni ikirefuka kwa kuchakaa, au ikihamia kwenye sproketi ndogo, ulegevu wote humezwa hapo hapo. Mkono huo ukiondolewa, njia iliyo imara ya kuikaza cheni ni kubadilisha umbali uliopo kati ya ekseli ya pedali na ekseli ya gurudumu la nyuma, na ndipo swali linapozuka: umbali huo ubadilishwe wapi, kwa kiasi gani, na kwa kusogeza kitu gani?

Swali hilo huiangukia sehemu ya fremu isiyozidi ukubwa wa kiganja. Mdomo wa ekseli ni kipande cha chuma kilichochomelewa mahali ambapo bomba la chini la nyuma, linalotoka kwenye pedali, hukutana na bomba la juu la nyuma, linaloshuka kutoka kwenye kiti. Kila fremu ina midomo miwili, wa kulia na wa kushoto, na ekseli hukaa ndani yake. Mdomo ukiwa wima, gurudumu huingia kutoka chini na husimama mahali pamoja tu. Ukiwa na mwanya mrefu wa mlalo, gurudumu laweza kusogezwa mbele na nyuma. Kati ya namna hizo mbili wabuni wamezua nyingine kadhaa, na mafundi na waendeshaji wamegawanyika juu yake kwa ukali ambao mtu asiyehusika angeushangaa. Sehemu kubwa ya mabishano hayo hutokana na kuchanganya mahitaji matatu yasiyofanana: kukaza cheni, kubadilisha idadi ya meno ya sproketi, na kubadilisha tabia ya baiskeli kwa kurefusha au kufupisha upande wake wa nyuma. Hesabu ya cheni yenyewe huyatenganisha vizuri.

Cheni ya baiskeli ina nusu inchi, yaani milimita 12.7, kutoka pini hadi pini, na kwa kuwa viungo vyake hupishana, chembamba kwa kipana, haiwezi kukatwa kwa kiungo kimoja pekee. Hupunguzwa kwa jozi, yaani kwa milimita 25.4. Cheni hupita juu na kurudi chini, kwa hiyo kuipunguza kwa milimita 25.4 huivuta ekseli mbele kwa nusu ya kiasi hicho, milimita 12.7. Maana yake ni kwamba mdomo unaoiruhusu ekseli kusafiri milimita 12.7 unatosha, kinadharia, kwa cheni ya urefu wowote na kwa uchakavu wowote, kwa sababu ekseli ikifika mwisho wa safari yake fundi huondoa jozi moja ya viungo na kuanza upya upande wa mbele. Akitumia nusu-kiungo, ambacho ni kiungo maalumu chenye upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, safari inayohitajika hupungua hadi milimita 6.35. Ikiongezwa nafasi ya kuilegeza cheni ili gurudumu litoke, na ya kusamehe makosa madogo ya kiwandani, milimita 16 hadi 18 zinamtosha mtu mwenye subira ya kukata cheni.

Badiliko la jino moja, mbele au nyuma, huisogeza ekseli takriban milimita 3.2. Anayetoka kwenye sproketi ya nyuma ya meno 18 kwenda ya meno 20, ili apande mlima mrefu bila kuua magoti, atalazimika kusogeza gurudumu mbele kwa milimita 6.35 akitaka kutumia cheni ile ile. Lakini akiwa na sproketi za meno 36 na 17, kisha akahamia kwenye 34 na 19, jumla ya meno inabaki 53 na gurudumu halihitaji kusogea kwa kiasi cha kuonekana. Kampuni ya Surly ya Minnesota imewahi kuuza sproketi za nyuma zenye duara mbili za meno kwa ajili ya hila hiyo hiyo. Kwa hiyo madai kwamba fremu ya gia moja inahitaji mwanya wa sentimita 3 au 4 ili iweze kubadilishwa meno yana ukweli kwa mtu asiyetaka kugusa cheni kabisa, wala si zaidi ya hapo.

Hesabu inayofuata ndiyo inayoamua mengi. Cheni iliyonyooka kabisa kati ya sproketi mbili zilizo umbali wa milimita 430 ikipata urefu wa ziada wa nusu milimita tu, katikati yake hushuka kwa takriban sentimita 1, na ili urefu huo wa ziada upatikane inatosha ekseli kusogea mbele kwa robo ya milimita. Cheni ya kawaida, yenye urefu wa karibu milimita 1,300, ikichakaa kwa asilimia 0.1, kiasi kisichogunduliwa kwa macho, hurefuka kwa milimita 1.3 na kushuka katikati kwa zaidi ya sentimita 1.5. Mafundi wengi huzibadilisha cheni zinapofikia asilimia 0.75. Kwa sababu hiyo, ile mbinu ya kutafuta mchanganyiko wa meno unaoingia kwa bahati katika fremu yenye midomo wima, bila kifaa chochote cha kukazia, hufanya kazi vizuri wiki ya kwanza na kuanza kuudhi baada ya matope kadhaa. Sheldon Brown (1944–2008), fundi wa Massachusetts ambaye maandishi yake yalifanya kazi kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote kuwarudisha waendeshaji kwenye gia moja, aliijadili mbinu hiyo kwa upendo, lakini hesabu haina upendo nayo.

Nguvu inayoivuta ekseli nayo ni ya kutisha kuliko inavyodhaniwa. Mwendeshaji wa kilo 75 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali yenye mkono wa milimita 175, huku sproketi ya mbele ikiwa na meno 32, ambayo nusu-kipenyo chake ni karibu milimita 65, cheni huvutwa kwa nguvu ya takriban nyutoni 2,000, yaani kama uzito wa mzigo wa kilo 200. Mwendeshaji wa gia moja husimama hivyo mara nyingi, maana hana gia nyepesi ya kukimbilia, na tena huvuta usukani ili kujiongezea nguvu. Mvuto huo hauko katikati ya ekseli. Uko upande wa kulia, karibu na mdomo wa kulia, na ndiyo sababu gurudumu likiteleza halitelezi sawasawa pande zote mbili, bali huenda mshazari mpaka tairi ligonge bomba la kushoto.

Mdomo wima unaukabili mvuto huo kwa ukuta. Ekseli inasukumwa mbele dhidi ya chuma cha fremu, na hata kama nati imekazwa kivivu, gurudumu halina pa kwenda. Mwanya wa mlalo hauna ukuta mbele ya ekseli. Kinachoizuia ni msuguano kati ya uso wa nati na uso wa mdomo, na msuguano hutegemea mkono wa fundi, usafi wa chuma, rangi iliyobaki na aina ya nati. Kila namna ya kuirekebisha ekseli iliyobuniwa tangu baiskeli ipate cheni imekuwa, kwa kiasi fulani, biashara ya kuuza ukuta na kununua msuguano, na ubora wa mbuni hupimwa kwa namna anavyourudisha ukuta huo pale urekebishaji unapokwisha. Kipimo cha pili ni kujua vitu gani vingine vinalazimishwa kuhama pamoja na ekseli. Vipimo hivi viwili vikishikwa, mabishano mengi yanayoonekana kuwa ya ladha hugeuka kuwa ya uhandisi.

Baiskeli ya milimani ilianza maisha yake ikiwa ya gia moja. Vijana wa kaunti ya Marin huko California, miongoni mwao Charlie Kelly, Gary Fisher na Joe Breeze, walikuwa wakishuka mteremko wa Repack karibu na mji wa Fairfax, ambako mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976, wakitumia fremu nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940 zenye breki ya kukanyaga kinyume. Breki hiyo, iliyomo ndani ya habu ya nyuma, ilipata moto hadi grisi ikageuka moshi na kulazimu habu ijazwe grisi upya, na hapo ndipo mteremko ulipopata jina lake. Breki ya namna hiyo haikubali springi ya kukaza cheni, kwa sababu anayefunga breki huivuta cheni upande wa chini, mahali hasa ambapo springi ingekaa, na springi ingemezwa na mvuto huo. Mwanya wa mlalo ulikuwa lazima. Baadaye mikono ya gia ilipoingia, kisha mfumo wa Shimano wa gia zinazobofya ukatoka barabarani kwenda milimani katikati ya miaka ya 1980, mbuni alitaka ekseli ikae mahali pamoja panapojulikana ili mkono wa gia uwe katika umbali sahihi na sproketi, na mdomo wima ukashinda. Ushindi huo ulikuwa wa haki. Tatizo ni kwamba waliotaka kurudi kwenye gia moja katika miaka ya 1990 walikuta karibu fremu zote za milimani zimefungwa mlango.

Inafaa ikumbukwe kwamba washindani wa mbio za barabarani wa Ulaya walikwisha kulikabili jambo hili kwa ujasiri ambao leo ungeitwa wazimu. Mfumo wa Campagnolo uitwao Cambio Corsa, wa miaka ya 1940, haukuwa na springi yoyote ya cheni: mwendeshaji alinyoosha mkono nyuma akiwa mwendoni, akalegeza ekseli kwa kishikio kimoja, akahamisha cheni kwa kingine huku akikanyaga kinyume, na gurudumu lenyewe likasogea ndani ya midomo mirefu yenye meno hadi cheni ikakaa sawa, kisha akakaza tena. Meno yaliyochongwa kwenye midomo na kwenye ekseli yalihakikisha kwamba pande zote mbili zinasogea kwa hatua ile ile, jambo ambalo mianya mingi ya leo bado inamwachia fundi alipime kwa jicho.

Suluhisho la kwanza la waliorudi kwenye gia moja lilikuwa kununua kifaa cha kukazia cheni chenye springi au kigurudumu kimoja na kukifunga pale mkono wa gia ulipokuwa. Kinafaa kwa mtu mwenye fremu ya zamani na pesa kidogo, na hakuna la kukilaumu zaidi ya kwamba kinarudisha sehemu dhaifu ile ile iliyokusudiwa kuondolewa. Lililo werevu zaidi lilitoka kwa kampuni ya White Industries ya California, iliyotengeneza habu ambayo ncha zake za ekseli haziko katikati: ikizungushwa ndani ya mdomo wima, gurudumu zima husogea mbele au nyuma, na fremu haiguswi. Habu hiyo huacha ukuta wa fremu mahali pake lakini huweka msuguano kwenye mzunguko wa ekseli. Aidha gurudumu hupanda na kushuka kidogo linaposogea, hivyo breki hupoteza shabaha. Kwa fremu zenye ekseli nene za kupenya, ambazo zitaelezwa hapa chini, haina nafasi.

Waliounda fremu mpya walirudi kwenye mwanya wa mlalo unaotazama nyuma, ule uliozoeleka kwenye baiskeli za uwanjani. Fremu ya kwanza ya Surly, iitwayo 1x1, na baadaye Karate Monkey, ambayo ilikuwa miongoni mwa fremu za mwanzo zilizouzwa kwa wingi kwa magurudumu ya inchi 29, zilijengwa hivyo. Mwanya unaotazama nyuma una sifa ambayo wapinzani wake husahau: hata nati zikilegea, cheni huivuta ekseli ndani zaidi ya fremu, haiivuti nje, hivyo gurudumu linaweza kwenda mshazari lakini haliwezi kuchomoka kwa kukanyaga. Ukiongezwa skrubu ya kuvutia, yaani kipande kinachoivaa ekseli na kuegemea ncha ya nyuma ya mdomo, msuguano unapata ukuta, na fundi anapata njia ya kusogeza upande mmoja kwa robo ya mzunguko bila kuuvuruga mwingine. Mwendesha bodaboda yeyote anaijua kazi hii, kwa kuwa pikipiki yake ina mianya na skrubu za namna hiyo kwenye mkono wa nyuma, pamoja na alama za kulinganisha kulia na kushoto, alama ambazo watengenezaji wa baiskeli za bei kubwa wamekuwa wavivu kuziweka.

Kinachouangusha mwanya huu ni breki ya diski. Breki ya rimu ilikuwa ikisamehe: ekseli ikisogea milimita 5 nyuma kwenye mwanya ulionyooka, pedi zilisogezwa kidogo na kazi ikaendelea. Diski, ambayo ilienea milimani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, imefungwa kwenye habu, na kalipa, yaani kibano chenye pedi, kimefungwa kwenye fremu. Ekseli ikisogea, diski huhama na kalipa hubaki. Milimita 5 zinatosha kuifanya sehemu ya pedi iume hewa au iguse mikono ya diski. Mbuni analazimika kuweka kalipa kwenye mwanya wake mwenyewe, kwa hiyo fundi hurekebisha vitu viwili kila cheni inaporefuka. Tena, pancha ikitokea, gurudumu linalotoka kwa nyuma hulazimika kuitoa diski katikati ya pedi kwa njia ambayo kalipa haikuikusudia, na kama kuna matigadi, tairi huyagonga. Hizi ni kero, si maafa. Mtu anayeendesha gia moja pekee, na anayebadilisha sproketi mara mbili kwa mwaka, huishi nazo bila shida, na dharau inayouelekea mwanya huu siku hizi imepita kiasi.

Upande wa pili wa hoja wanasimama wanaoacha ekseli ya nyuma itulie na kuisogeza ekseli ya pedali. Kasha la pedali hutengenezwa pana, na ndani yake huwekwa kipande cha duara, kiitwacho eksentriki, ambacho tundu lake la ekseli haliko katikati. Kikizungushwa, pedali husogea mbele au nyuma. Wazo hili lilikomaa kwenye baiskeli za watu wawili, ambazo cheni yao ya kuunganisha pedali za mbele na za nyuma haina njia nyingine ya kukazwa. Kwa karatasi linavutia mno: midomo inabaki wima, ukuta uko mahali pake, kalipa haisogei, gurudumu hutoka na kuingia bila cheni kurekebishwa upya. Kampuni ya Niner, iliyojijenga juu ya magurudumu ya inchi 29, iliifanya eksentriki kuwa sehemu ya utambulisho wake, na kwa fremu za kaboni ina sababu ya nguvu, kwa kuwa ni rahisi kujenga kasha moja la duara lenye pete ya chuma kuliko kujenga ncha mbili za kaboni zenye vipande vinavyotembea na boliti zinazong'ata.

Hata hivyo, eksentriki haikuondoa msuguano. Iliuhamisha hadi mahali ambapo maji, mchanga na uzito wa mwendeshaji hukutana. Kila mkanyago unataka kuizungusha. Zinazofungwa kwa skrubu mbili za kuchoma hutobolewa vishimo, na baada ya misimu miwili, fundi anapotaka kuisogeza kwa nyuzi chache, skrubu hurudi zenyewe kwenye vishimo vya zamani. Zinazofungwa kwa kasha lililopasuliwa na kubanwa kwa boliti ni bora, na zile zinazojitanua kwa kabari ni bora zaidi, lakini zote zikiingiwa na vumbi hulia kwa sauti inayomfanya mwendeshaji ashuku kila kitu isipokuwa yenyewe. Kuna pia suala la mwili. Eksentriki yenye mkengeuko wa milimita 6 hutoa safari ya mlalo ya milimita 12, lakini katikati ya safari hiyo pedali huwa zimepanda au kushuka milimita 6, kiasi ambacho mtu aliyepima urefu wa kiti chake kwa makini ataking'amua gotini. Na karibu na ncha za mzunguko, kuizungusha sana huleta badiliko dogo la mlalo, hivyo safari inayotumika kwa raha ni pungufu ya ile iliyoandikwa.

Kati ya kusogeza gurudumu peke yake na kusogeza pedali kuna njia ya tatu, ambayo ni kusogeza mdomo wenyewe pamoja na kila kilichofungwa juu yake. Mdomo wa kuteleza ni sahani iliyoshikwa kwa boliti mbili kwenye mianya ya fremu. Sahani ya kushoto hubeba kalipa, ya kulia hubeba mkono wa gia kama upo, na skrubu ndogo huisukuma au kuivuta sahani na kuizuia isirudi mbele. Ekseli imo ndani ya tundu wima, kwa hiyo gurudumu hutoka chini bila kugusa urekebishaji. Karakana ya Paragon Machine Works ya California imewauzia wajenzi wa fremu za chuma na titani vipande hivi kwa miaka mingi, kiasi kwamba mjenzi mdogo anayefanya kazi peke yake hana haja ya kuvibuni upya. Namna ya pili ya wazo hilo ni mdomo wa bembea, unaozunguka kwenye boliti moja huku boliti nyingine ikipita kwenye mwanya wa tao, ambao kampuni ya Salsa iliufanya wake katika fremu zake kadhaa. Huo huinua au kushusha nyuma ya baiskeli kidogo unaposogea, lakini kwa safari ya milimita 17 badiliko hilo halina uzito.

Kwa vipimo vya ukuta na vya vitu vinavyohama, mdomo wa kuteleza unashinda, na ushindi wake uliongezeka ekseli nene za kupenya zilipoingia. Ekseli hizo, zenye kipenyo cha milimita 12 na upana wa habu wa milimita 142, na kisha milimita 148 tangu Trek na SRAM walipoleta kipimo hicho mwaka 2014, hupita kwenye tundu la upande mmoja na kujikaza kwenye nyuzi za upande mwingine, hivyo mwanya ulio wazi hauzifai pasipo vipande vya ziada. Sahani zinazoteleza huzipokea vizuri, na ekseli yenyewe huziunganisha sahani mbili kuwa kitu kimoja. Hasara zake ni uzito, bei, boliti nne ambazo kila moja yaweza kulegea au kulia, na fremu kuwa ngumu kunyooshwa kiwandani. Kwa aluminiamu kuna hasara nyingine: nyuzi na mianya hutafunwa na boliti za chuma zinazokazwa mara kwa mara, na mara mdomo ukiharibika upande wa fremu, hauchongwi upya.

Hapa ndipo lile hitaji la tatu, la tabia ya baiskeli, linapoingilia mjadala kwa mlango wa nyuma. Gurudumu likirudishwa nyuma milimita 15 kwenye fremu yenye nyuma ya milimita 430, urefu wa sehemu hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 3.5, uzito wa mwendeshaji husogea kidogo kuelekea gurudumu la mbele, ambalo halitaki tena kuinuka kwenye mpando mkali, na baiskeli hutulia zaidi kwenye mteremko wa kasi, ila kuliinua gurudumu la mbele juu ya gogo huhitaji nguvu zaidi. Mwendeshaji wa gia moja ana maoni yake hapa, kwa sababu hupanda akiwa amesimama, na aliyesimama huweka uzito mbele, kwa hiyo hutaka gurudumu la nyuma liwe chini yake lisije likateleza. Nyuma fupi humsaidia kuliko inavyomsaidia mwenziwe aliyeketi. Lakini ekseli iliyowekwa kwa ajili ya cheni haiwezi wakati huo huo kuwekwa kwa ajili ya tabia. Anayetaka nyuma fupi atakata cheni na kuchagua meno hadi ekseli ikae mbele, na ataihamisha kila cheni inapochakaa. Watengenezaji wanaotangaza safari ndefu ya mdomo kama njia ya kuwa na baiskeli mbili ndani ya moja wanauza jambo la kweli, ila ni la kweli kwa mwenye gia nyingi, ambaye springi yake itaimeza tofauti, kuliko kwa yule wa gia moja aliyetumiwa kama kisingizio.

Fremu zenye shokomzoba ya nyuma, yaani zile ambazo gurudumu lao la nyuma hupanda na kushuka kwa mkono wenye bawaba, hazihitaji maneno mengi. Bawaba isipokuwa kwenye ekseli ya pedali yenyewe, umbali wa cheni hubadilika kila jiwe linapopitiwa, na hakuna mdomo utakaoweza kulifuata badiliko hilo. Pikipiki huliruhusu kwa kuacha cheni ilegee sentimita kadhaa, uhuru ambao cheni nyembamba ya baiskeli, isiyo na sproketi nene za kuishikilia, haina. Bawaba ikiwa kwenye ekseli ya pedali umbali haubadiliki, lakini mbuni amejifungia namna nyingine zote za kupanga mwendo wa shokomzoba.

Mkanda unaotumika badala ya cheni, ulioimarishwa kwa nyuzi za kaboni, kama unaotengenezwa na Gates, umelirudisha suala hili kwa watu wasiojali gia moja hata kidogo. Mkanda haukatwi wala hauunganishwi; huuzwa kwa urefu uliokwisha kuamuliwa kiwandani, meno yake yakiwa na milimita 11 kutoka moja hadi jingine, na hudai mkazo ulio sahihi kuliko wa cheni, hivyo fremu yake kwa kawaida huwa na mdomo wa kuteleza au eksentriki, na juu ya hayo bomba moja la nyuma hupasuliwa na kuunganishwa kwa boliti ili mkanda uweze kupita. Habu za Rohloff za Ujerumani zenye gia 14 ndani, na masanduku ya gia ya Pinion, hutumia midomo hiyo hiyo. Kwa idadi, huenda wateja hao ndio wanaoifanya karakana inayochonga midomo ya kuteleza iendelee kuwa na kazi.

Katika Afrika Mashariki gia moja haikuwahi kuwa mtindo wa kurudiwa, kwa sababu haikuondoka. Baiskeli nzito zilizojulikana nchini Kenya kwa jina la Black Mamba zimebeba mkaa, maziwa na abiria kwa miongo mingi kwa mwanya, nati na spana, na fundi wa chini ya mti hukaza cheni yake kwa kulivuta gurudumu nyuma na kulinganisha kwa kidole nafasi ya tairi dhidi ya mabomba. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na mmoja wa waasisi wa SRAM, kampuni ile ile inayouza mifumo ya gharama kubwa ya baiskeli za milimani, lilichagua gia moja na breki ya kukanyaga kinyume kwa baiskeli yake ya Buffalo. Baadaye lilileta muundo wenye gia mbili usio na mkono wa gia, unaotumia friwili mbili na cheni mbili, na mwendeshaji hubadilisha kwa kukanyaga kinyume kidogo. Cheni mbili juu ya ekseli moja maana yake nafasi moja ya ekseli izikaze zote mbili, na kwa kuwa hazichakai sawa, mbuni hana budi kukubali kwamba mojawapo italegea kuliko nyingine. Ni tatizo lile lile la milimani, likiwa limekabiliwa kwa mzigo mzito na bei ndogo.

Kinachoweza kuibana mada hii zaidi katika miaka ijayo kinatoka upande wa gia nyingi. SRAM ilileta mwaka 2019 kipimo kimoja cha kishikio cha mkono wa gia kwa fremu zote, na mwaka 2023 ikatoa mikono ya gia inayojifunga moja kwa moja kwenye fremu, kuizunguka ekseli, mahali palepale pa kishikio hicho. Umbo hilo linataka tundu la ekseli lenye nafasi maalumu ndani na nje, kwa hiyo sahani inayoteleza lazima ilibebe umbo lote, iwe nene vya kutosha, na isinyumbuke chini ya mkono wa gia ambao sasa unategemea ugumu wake. Mtengenezaji anayeuza fremu chache kwa watu wa gia moja na nyingi kwa watu wa gia 12 atapiga hesabu ya gharama ya sahani hiyo, na wengi watachagua mdomo wima usiosogea. Fremu za chuma zitabaki na mianya yao, kwa kuwa kukata mwanya kwenye kipande cha chuma ni kazi ya dakika chache, na anayeukata hahitaji ruhusa ya kipimo cha kampuni yoyote.